Kijijini Kwetu Kuna Makabila Gani? Maswali ya Wasomaji kutoka Nyanda za Juu Kusini

Barua nyingi tulizopokea kutoka Iringa, Njombe, Mbeya na Songwe zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: nani anaishi kijijini, asili yake wapi, na mtu aandikeje habari hizo bila kukosea wala kumuumiza jirani. Tumechagua barua sita. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu ndiyo inayobeba nyingine.

SWALI: Mhariri, salaam. Kamati ya historia ya kijiji chetu wilayani Mufindi imenipa kazi ya kuandika sura ya wakazi. Kijiji kina kaya mia nne na kitu; kuna chai, mbao na mahindi. Wazee wanasema "hapa ni kwa Wahehe", lakini orodha ya darasani kwangu ina majina ya kila kona. Nianzie wapi nipate hesabu ya kweli? (Mwalimu wa sekondari)

JIBU: Mwalimu, anza na ruhusa, karatasi zije baadaye. Peleka ombi kwa mtendaji wa kijiji, lipite halmashauri ya kijiji, kisha lisomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Hakikisha muhtasari unaeleza kazi ni ya nini, nani ataziona fomu, na kwamba hakuna mgao wowote utakaotolewa kwa hesabu hiyo. Sentensi hiyo ya mwisho ni muhimu kuliko mwonekano wa fomu yako. Ukipita majumbani wiki ileile watu wanapoandikishwa kwa mbolea ya ruzuku, kila mtu atadhani ni orodha ya mbolea, na majibu yatafuata mbolea.

Hatua ya pili ni kujua kaya ziko ngapi hasa. Mwenyekiti wa kitongoji ana daftari la wakazi, lakini usilinakili ukaridhika. Mara nyingi waliofariki bado wamo, vijana waliooa bado wamehesabiwa kwa baba zao, na vibarua wa chai hawamo kabisa. Namba za anwani za makazi zilizobandikwa mwaka 2022 zinasaidia kutoruka nyumba, ila nyumba si kaya. Kaya ni watu wanaokula chungu kimoja. Nyumba moja ya vyumba sita karibu na kiwanda inaweza kuwa na kaya sita. Mume mwenye wake wawili, kila mmoja na jiko lake na ghala lake, ana kaya mbili. Yeye mwenyewe aandikwe mara moja tu, pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya kuhesabu. Jambo hili lisipoamuliwa mapema, wanaume wenye wake wengi watahesabiwa mara mbili na hutajua kosa limeingilia wapi.

Sasa maswali. Swali moja la "kabila gani?" halitoshi, kwa sababu ndani yake kuna mambo manne tofauti ambayo watu huyachanganya. Uliza hivi, kwa mpangilio huu:

Umezaliwa kata gani, wilaya gani? Usiulize mkoa. Njombe ilikuwa ndani ya mkoa wa Iringa hadi 2012, na Songwe ilikuwa ndani ya Mbeya hadi 2016. Bibi aliyezaliwa Makete atakujibu "mkoa wa Iringa" na hajakosea. Wewe ndiye utakayekosea ukimweka na waliozaliwa Kalenga.

Ulianza kuishi hapa mwaka gani? Wazee wengi hawashiki mwaka, wanashika tukio. Andaa kalenda ya matukio: ujenzi wa reli ya TAZARA, 1970 hadi 1975, Operesheni Vijiji, 1973 hadi 1976, vita vya Kagera, 1978 na 1979. Ongeza ya kijijini kwenu, kama mwaka shule ilipofunguliwa. "Nilikuja tulipohamishiwa kwenye vijiji, nikiwa na mtoto mgongoni" ni jibu zuri kabisa, na mwaka unapatikana humo.

Nyumbani mnazungumza lugha gani zaidi? Ruhusu mbili. Nyumba nyingi za watu mchanganyiko zitasema Kiswahili, na wazee wataongeza Kihehe, Kibena au Kikinga.

Wewe mwenyewe unajitambulisha kuwa kabila gani? Hapa mhojiwa ndiye mwenye neno la mwisho. Akitaja mawili, andika mawili. Akisema "Mtanzania tu", andika hivyo. Akikataa, andika "hakutaka kusema" na usonge mbele. Karani asikisie hata siku moja, si kwa jina, si kwa sura, si kwa lafudhi.

Angalia pia namna ya kuuliza. "Unatoka wapi?" humfanya mtu ataje alikoishi kabla ya kuja hapo. "Kwenu ni wapi?" humfanya ataje kwa baba yake, hata kama hajawahi kufika. Kijana aliyezaliwa Mafinga na kukulia Mgololo anaweza kukujibu "kwetu Makete" bila kusita. Makarani wawili wakiuliza kwa maneno tofauti, utapata vijiji viwili ndani ya kijiji kimoja. Maneno yaandikwe kwenye fomu na yasomwe kama yalivyo.

Kosa kubwa kuliko yote ni kumuuliza mkuu wa kaya peke yake. Chukua kaya moja ya mfano yenye watu wanane. Baba ni Mhehe. Mama ni Mbena kwa baba yake. Mama yake mama, anayeishi nao, ni Mkinga aliyeolewa Ubena. Kuna vijana wawili kutoka Rungwe waliokuja kuchuma chai, wanakula hapo, nao wanajitaja Wanyakyusa. Na kuna watoto watatu. Ukimuuliza baba tu, fomu itasema Wahehe wanane. Ukimuuliza kila mtu mzima, una Mhehe mmoja, Mbena mmoja, Mkinga mmoja, Wanyakyusa wawili, na watoto watatu wenye baba Mhehe na mama Mbena. Karibu nyumba nzima ilikuwa imefichwa chini ya jina la mtu mmoja, na waliofichwa zaidi ni wanawake. Kwa makabila ya huku, ambayo watoto hufuata ukoo wa baba, kosa hili hujirudia kizazi hadi kizazi mpaka kijiji kizima kinaonekana cha damu moja. Kwa hiyo kwa mtoto jaza safu mbili: kabila la baba, kabila la mama.

Kuhusu wakati, chagua Juni hadi Agosti. Mvua imekwisha, njia zinapitika, na watu wengi wapo nyumbani. Aliyeondoka kwa muda usiofika miezi sita, tuseme yuko Usangu kwenye mpunga au porini akipasua mbao, mhesabu na mwekee alama. Aliyekuja kibarua kwa wiki mbili mwandike kwenye karatasi ya wageni. Miezi sita hiyo iwe sheria ya makarani wote.

Kwa kaya 412, makarani wanne wanaofanya kaya 18 kila mmoja kwa siku watamaliza siku ya sita. Ongeza siku mbili za kurudia nyumba zilizokutwa zimefungwa. Kabla ya hapo jaribu fomu kwenye kaya kumi za kitongoji kimoja. Hapo ndipo utaona swali gani linawakwaza watu. Katika makarani wanne, wawili wawe wanawake, na asiwepo anayehesabu ukoo wake mwenyewe.

Kama watu wa kufanya kazi hiyo huna, chagua kila kaya ya tano. Andika namba 1 hadi 5 kwenye vikaratasi, chukua kimoja bila kutazama. Kikitoka 3, nenda kaya ya 3, ya 8, ya 13, hivyo hivyo hadi mwisho. Utapata kaya 82 au 83. Hesabu hiyo inaweza kupotoka kwa takriban pointi 10 za asilimia juu au chini kwa makundi makubwa, na kundi dogo sana linaweza lisitokee kabisa. Liandike hilo kwenye sura yako, maana msomaji asiyejua atadhani kundi hilo halipo kijijini.

Ukifika kwenye kujumlisha, gawanya kwa idadi ya watu, si ya kaya. Asilimia ziwe namba nzima, "asilimia 41.37" ya kijiji ni kujidanganya. Majina ya makabila yapange baada ya kukusanya, si kabla. Utakuta mtu kaandikwa "Mkonde" na karani mwingine akamhesabu na Wamakonde wa Mtwara, kumbe Wakonde ni jina la zamani la Wanyakyusa na ndugu zao Wangonde. Utakuta "Mang'ati": hilo ni neno la Kimasai lenye maana ya adui, na wanaoitwa hivyo wenyewe ni Wabarabaig, tawi la Wadatoga. Andika jina ambalo watu wanajiita.

Kundi lenye watu chini ya watano usilichapishe peke yake. Ukiandika "Mhindi 1" katika kijiji chenye duka moja la Mhindi, umemtaja kwa jina. Liunganishe kwenye "wengine".

SWALI: Shikamooni. Mimi ni msichana wa Igurusi, Mbarali. Baba Mkinga, mama Mnyakyusa, nimezaliwa hapa Usangu. Nazungumza Kiswahili, Kisangu nasikia kidogo, Kikinga sijui hata salamu. Shangazi anasema mimi ni Mkinga na hakuna mjadala. Nikiulizwa nijibuje?

JIBU: Marahaba, binti yetu. Shangazi anasema kweli kwa upande wa mila: kwa Wakinga ukoo hufuata baba, na ndivyo utakavyotajwa siku ya mahari na siku ya msiba. Lakini anayekuuliza kwa ajili ya kuandika kuhusu kijiji hakuulizi habari za mahari. Mjibu kama ulivyotuandikia sisi, neno kwa neno. Sentensi zako tatu zina baba, mama, mahali ulipozaliwa na lugha, na kila kimoja kina safu yake.

Tena hauko peke yako. Bonde la Usangu ni mahali ambapo jibu la neno moja halifai kwa wengi. Wasangu ndio wenyeji, watu wa utawala wa machifu walioitwa Merere. Wabulushi, walioingia kama wafanyabiashara, walitulia Rujewa na ndio walioanzisha kilimo cha mpunga cha kumwagilia. Mpunga ukawavuta Wanyakyusa, Wakinga, Wawanji, Wabena, Wahehe na Wasafwa. Kuanzia miaka ya 1970 Wasukuma walishuka na ng'ombe wao; Wamasai, Wabarabaig na Wagogo nao wamo. Wengi wa wafugaji wakaondolewa Ihefu, eneo oevu la bonde hilo, mwaka 2006 na 2007. Anayetaka kuandika Igurusi, Chimala au Ubaruku ajue kwamba asilimia zinabadilika kwa msimu: wakati wa kupandikiza na wakati wa kuvuna watu huongezeka, halafu hupungua. Hesabu ya Machi na ya Septemba zisilinganishwe kama kwamba ni mwezi mmoja.

Na Kikinga, kama unakitaka, muombe huyo huyo shangazi akufundishe.

SWALI: Mhariri, mimi ni mzee wa Wanging'ombe. Nakumbuka sensa ya 1967 tuliulizwa kabila. Ya 2022 sikuulizwa. Je, karani alisahau, au serikali imeficha?

JIBU: Mzee, shikamoo. Karani hakusahau na hakuna kilichofichwa. Swali lenyewe liliondolewa kwenye fomu. Wakati wa Waingereza, sensa za 1948 na 1957 ziligawa watu kwa rangi kwanza: Waafrika walihesabiwa siku nyingine na kwa fomu nyingine, Wazungu, Waasia na Waarabu siku yao. Sensa ya 1967, ya kwanza baada ya uhuru, ilihesabu watu wote kwa pamoja na bado ikauliza kabila. Kuanzia 1978, kisha 1988, 2002, 2012 na 2022, kabila na dini hazimo. Kinachoulizwa ni uraia, mahali pa kuzaliwa, mahali pa kuishi na mengine ya namna hiyo. Kwa hiyo yeyote anayekupa "asilimia rasmi" ya Wabena wa Njombe kwa mwaka 2022 ameitunga, au ameinyoosha kutoka 1967. Tunaomba wasomaji wetu wasizisambaze namba kama hizo.

Lakini hata namba za 1967 zisomwe kwa uangalifu, kwa sababu majina yenyewe yana historia. Sheria ya mamlaka za wenyeji ya 1926 ilitaka kila kabila liwe na mipaka na chifu wake, na pale ambapo mambo hayakukaa hivyo, maofisa waliyapanga yakae. Chukua Wanyakyusa. Wakukwe wa milimani, Waselya, Walugulu na Wanyakyusa wa bondeni kuelekea ziwani walikuwa na watawala wengi wadogo. Wajerumani waliwaita wote Wakonde. Waingereza wakawaweka chini ya jina Wanyakyusa. Wenzao wa ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Karonga, wakabaki Wangonde wa Malawi, ilhali wanasikilizana. Au chukua Wahehe. Kabla ya katikati ya karne ya 19 palikuwa na himaya ndogondogo nyingi. Munyigumba akaziunganisha, mwanawe Mkwawa akazishika mpaka Wajerumani walipoivunja ngome ya Kalenga tarehe 30 Oktoba 1894. Jina Wahehe lenyewe, kwa simulizi za wazee, limetokana na mlio wa vitani. Babu wa babu wa Mhehe wa leo huenda hakujiita Mhehe, akajitaja kwa mtawala wake au ukoo wake.

Machifu waliondolewa kisheria mwaka 1963. Operesheni Vijiji ikaja kuchanganya makazi kwa nguvu zaidi ya kitu kingine chochote tunachokijua katika nyanda hizi: koo zilizokaa mbalimbali kwenye vilima zililetwa kwenye mistari ya nyumba kando ya barabara. Ndiyo maana kijiji kimoja cha Ismani au cha Makambako kinaweza kuwa na kitongoji cha "wenyeji" na kingine cha "wakuja" hadi leo. Kuhusu neno hilo tunasema wazi: mtu aliyefika 1974, akazaa hapo na kuzika hapo, kumwita wa kuja baada ya nusu karne ni kumdhulumu.

SWALI: Mimi ni mtendaji wa kijiji. Kuna mradi umeniletea fomu unataka orodha ya kila mkazi: jina kamili, namba ya simu, kabila na dini. Wanasema ni kwa ajili ya "ushirikishwaji". Nitoe?

JIBU: Usitoe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka taarifa zinazoonyesha asili ya mtu kirangi au kikabila, pamoja na dini, kwenye kundi la taarifa nyeti, na kuzichakata kunahitaji ridhaa ya maandishi ya mhusika mwenyewe. Saini yako si ridhaa ya wakazi. Sahihi ya mwenyekiti pia si ridhaa yao.

Mjibu mradi kwa barua. Waulize wanataka kufanya uamuzi gani kwa kutumia taarifa hizo. Mara nyingi utakuta wanahitaji lugha ya mikutano, au wanataka kujua kama wafugaji wamefikiwa, na yote mawili yanapatikana bila orodha ya majina: unawapa jumla kwa kitongoji, bila jina la mtu. Kama ni watafiti, wakuonyeshe kibali cha COSTECH (Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia) na barua zilizopita ofisi ya mkoa na ya mkurugenzi wa halmashauri. Barua ya taasisi yao peke yake haitoshi.

Liko na jambo la ardhi, ambalo halikuulizwa lakini tunajua linanyemelea nyuma ya orodha za namna hii. Katiba, Ibara ya 13, inakataza kumbagua mtu kwa kabila, mahali alikotoka, rangi au dini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa raia wa Tanzania nafasi ya kuomba ardhi ya kijiji bila kujali kabila lake, na kifungu cha 20 kinaifuta mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Orodha ya kabila ikiwekwa mezani siku halmashauri ya kijiji inajadili maombi ya mashamba, hata kama hakuna aliyekusudia ubaya, itafanya kazi yake. Isiwepo mezani.

SWALI: Jina likianza na "Mwa-" si lazima mtu awe Mnyakyusa? Tunabishana kijiweni hapa Tukuyu.

JIBU: Si lazima. Ni kweli majina mengi ya Kinyakyusa huanza hivyo, lakini Wandali wa Ileje wanayo, Wanyiha wa Mbozi wanayo, Wangonde wa Malawi wanayo, na hata kwa Wahehe yapo. Vilevile Sanga, Chaula na Mahenge husikika sana kwa Wakinga, ila mwanamke aliyeolewa na kuandikwa kwa jina la mume, mtoto aliyelelewa na mjomba, au aliyebatizwa jina la msimamizi wake atakupotosha.

Salamu nazo zinakaribisha kosa hilohilo. "Kamwene" utaisikia kwa Wahehe na kwa Wabena pia. Lugha hizi ni jirani: wataalamu huweka Kisangu, Kihehe, Kibena, Kipangwa, Kikinga, Kiwanji na Kikisi katika fungu moja, huku Kinyakyusa, Kindali, Kisafwa, Kimalila, Kinyiha na Kinyamwanga zikiwa upande mwingine. Mbena na Mhehe wanaweza kuongea kila mmoja kwa lugha yake wakasikizana. Mhehe na Mnyakyusa, kila mmoja akishika lugha yake, hawafiki mbali. Mstari huo wa lugha una maana kuliko herufi tatu za mwanzo wa jina.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi, Iringa. Tukizungumza vijiji vyetu tunataja makabila tu. Je, Wazungu na Waasia hawakuwahi kuwa wanavijiji? Karibu na Ifunda kuna makaburi yenye majina tusiyoweza kuyasoma.

JIBU: Waliishi, na historia ya kijiji isiyowataja ina pengo. Wamisionari wa Moravian walijenga Rungwe mwaka 1891, na wa shirika la misheni la Berlin wakaingia Unyakyusa mwaka huohuo kisha wakapanda hadi Ubena. Walowezi wa Kijerumani walishika mashamba Mufindi na Dabaga; baada ya vita ya 1914 hadi 1918 mashamba yalichukuliwa kama mali ya adui, miaka ya 1920 baadhi wakaruhusiwa kurudi, na 1939 wakakamatwa tena. Waingereza nao walilima chai, Wagiriki tumbaku. Machimbo ya dhahabu ya Lupa, Chunya, yalileta Wazungu wachimbaji pamoja na vibarua kutoka Nyasaland (leo Malawi) na Rhodesia ya Kaskazini (leo Zambia), na wajukuu wa vibarua hao bado wapo. Wahindi na Waarabu walifungua maduka kwenye vituo vidogo ambavyo leo ni miji.

Majina mnayoyaona Ifunda ni ya Kipolandi. Wapolandi hao walihamishwa kwa nguvu na Urusi ya Kisovieti mwaka 1940 na 1941, wakaachiliwa, wakapita Iran, na kuanzia 1942 wakapelekwa Afrika Mashariki kwa meli. Wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Tanganyika iliwaweka Tengeru, Kondoa, Morogoro, Kigoma, na katika nyanda zetu Ifunda na Kidugala. Waliishi hapo miaka kadhaa, wakiwa na shule na kanisa lao, kisha wakatawanyika Uingereza, Kanada, Australia na kwingineko.

Kwa sura ya leo ya kijiji, tenganisha safu mbili: asili na uraia. Mbulushi aliyezaliwa Rujewa, ambaye babu yake pia alizaliwa Rujewa, asiwekwe kwenye "wageni" kwa sababu ya rangi yake. Na Mlambya wa Ileje anaweza kuwa raia wa Malawi ilhali lugha na sura ni za jirani yake. Ukichanganya safu hizo utamfanya raia mgeni na mgeni raia.

Makaburi yenyewe muyaandike mapema, kwa sababu maandishi ya juu ya saruji yanafutika. Omba ruhusa kwa wanaosimamia eneo. Nenda asubuhi au jioni, jua likiwa limelala, maana mwanga wa ubavuni huonyesha herufi ambazo saa sita hazionekani. Ondoa majani kwa mkono. Usikwangue ukungu kwa kisu wala brashi ya chuma, na usipake chaki. Nakili herufi moja moja kama ilivyochongwa, pamoja na alama zilizo juu, chini au katikati ya herufi: L iliyokatwa kwa mstari si L ya kawaida, na Z yenye nukta juu si Z tu. Pasiposomeka weka vitone, usikisie. Piga picha mbili za kila kaburi, moja ya karibu na moja inayoonyesha liko wapi kati ya mengine, na mchore ramani ya safu mkizipa namba kuanzia upande wa njia.